Nafasi ya Viti Viwili

Calle del Pozo 14,
Alcornosa, Cáceres,
Hispania.
9 Juni 2019

Mpendwa mjukuu wangu Noelia,

Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wazazi wako, na baridi ya huko Uswisi iwe imeshawapa nafasi ya kupumua. Na dada yangu Herminia, bibi yako, magoti yake yanaendeleaje? Mwambie apande ngazi polepole, asidhani bado anaukwea ule mtini wa padri kwenda kuiba tini.

Mimi sijambo. Nakula, nalala, namwagilia maua. Tangu babu yako Leoncio atutoke mwezi wa Februari, nyumba imekuwa kimya sana. Nasikia hata bomba la jikoni likidondosha maji. Alisema atalitengeneza Jumamosi, ila hakusema Jumamosi ipi.

Nimefurahi mno kusikia utakuja kukaa nami Julai na Agosti yote. Umeniuliza ulete nini, na ujiendeshe vipi usije ukaniaibisha. Hutaniaibisha, mwanangu. Lakini bibi yako aliondoka hapa akiwa msichana, na wewe umezaliwa kwa watu wanaokula chakula cha jioni jua likiwa bado linawaka. Kwa hiyo acha nikwambie machache.

Kutoka Cáceres panda basi la asubuhi. La mchana litakufikisha saa tisa, na saa tisa hapa kijiji kizima kimelala: mapazia ya mbao yameshushwa madirishani, mbwa wamejinyoosha kivulini, na ukigonga mlango wa mtu atatoka mbio akidhani kuna msiba. Maduka hufungwa saa nane na hufunguliwa baada ya saa kumi na moja. Usibishane na saa hizo, lala tu. Leoncio alikuwa akilala ukumbini, chini kwenye vigae, shati lake amelikunja kuwa mto, nami nikimruka kila nilipokwenda jikoni. Mpaka leo nikipita pale mchana mguu unanyanyuka wenyewe.

Lete nguo nyepesi, na moja yenye mikono kwa ajili ya kanisani. Viatu virefu viache, mawe ya mtaa wetu hayana huruma.

Ukikutana na mtu, mabusu ni mawili, moja kila shavu. Najua huko kwenu ni matatu. Hapa ukienda kutafuta la tatu utabaki umenyoosha shingo peke yako.

Ukiingia dukani kununua mkate, usitafute mstari, hakuna. Salimia wote, kisha uliza, "Nani wa mwisho?" Atakayeitikia, mkariri sura. Akishahudumiwa yeye, zamu ni yako. Na mwingine akiingia akauliza, wewe ndiye wa kuitikia. Mke wa mwanangu Anselmo, aliyekulia Madrid, mara ya kwanza alisimama pale kimya kama nguzo mpaka mkate ukaisha. Akarudi akisema watu wa hapa hawana adabu. Dukani nako walikuwa wakisema hivyo hivyo juu yake.

Jirani wa mbele ni Casimira. Ana ulimi mkali, na mkono wake hauishi kutoa. Atakuletea chakula. Mara ya kwanza kataa, mara ya pili kataa kwa sauti ndogo, mara ya tatu kula. Ukikubali upesi atasema nakushindisha njaa, na ukikataa mpaka mwisho atasema una maringo.

Na tukishamaliza kula, usinyanyuke kutoa vyombo. Najua umelelewa vizuri, lakini hapa mtu akianza kukusanya sahani ni kama anawafukuza wenzake. Vyombo vinabaki, makombo yanabaki, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Babu yako alichuna magome ya mialoni maisha yake yote, yale yanayofanywa vizibo vya chupa, na baada ya chakula alikuwa akiyapanga makombo ya mkate mezani, kila kombo mti wake. Huu ulitoa gome nene kuliko mlango wa kanisa. Huu una nyigu. Kutoka huu hapa mwenzangu Fermín alianguka, akasema ameshuka. Mimi nilikuwa nikipitisha kitambaa na kuufuta msitu wote, naye kesho yake anaupanda upya. Sasa meza yangu ni safi, Noelia. Siipendi ilivyo safi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nimekuwa nikilizungukazunguka.

Wakati wa joto, tukishakula na jua likishazama, kila nyumba ya mtaa huu hutoa viti vyake nje kupunga upepo. Hakuna anayealika na hakuna anayealikwa. Kila mtu anajua mahali pake ukutani, na atakayetangulia huacha nafasi ya ambao hawajatoka. Yetu ni viti viwili, kushoto kwa mlango. Leoncio alivisuka mwenyewe kwa matete. Chake kina mguu mmoja mfupi, na kila Juni alikuwa akikata kipande kipya cha gome la mwaloni cha kuweka chini yake. Anakiweka, anakaa, anayumba, ananyanyuka, anakichonga kidogo, anakaa tena. Na Casimira hakosi kumrushia neno kutoka upande wa pili.

"Leoncio, unaatamia? Vifaranga vinaanguliwa lini?"

"Ukitulia utapewa kimoja," anamjibu.

Kila mwaka maneno ni hayo hayo, na kila mwaka tunacheka.

Zamani mjane hakutoka. Baba yangu alipofariki, mama alipitisha misimu miwili ya joto nyuma ya pazia la mbao, amevaa nyeusi, akiwasikiliza wenzake wakiongea hatua chache kutoka alipo. Sasa desturi imelegea, hakuna atakayeninyooshea kidole nikitoka. Lakini kipande kimoja cha desturi kimebaki: mfiwa haitwi nje. Kumwita ni kumwambia kuwa amelia vya kutosha, na hilo halisemwi na jirani. Anatoka mwenyewe siku anayotaka. Basi wao wananingoja, na mimi siwezi. Nimejaribu. Nilikishika kiti changu, nikafika nacho mlangoni, nikakumbuka kwamba yeye ndiye aliyekuwa akivibeba vyote viwili, kimoja kila mkono, mimi nikimfuata na upepeo wangu tu. Nikakirudisha ndani.

Mwisho wa mwezi uliopita, jioni ya kwanza ya joto la kweli, walitoa viti. Nilikuwa nimekaa gizani karibu na dirisha. Nikamsikia Casimira.

"Fermín, sogea. Umekaa mahali pa watu."

"Mahali pa nani?" akauliza Fermín. Huyo ni jirani yetu wa ukuta mmoja, alikuwa akienda msituni na babu yako.

"Pa Visi na..." Casimira akakatisha, jina langu amelitaja, la babu yako limemshinda.

Kisha Obdulia, mke wa Fermín, akasema kwa upole, "Basi tuache nafasi ya kiti kimoja."

"Kimoja! Unaukata mtaa kama jibini? Nafasi hapa ni mbili. Zilikuwa mbili mama yangu akiwa hai."

"Na cha pili atakikalia nani, Casimira?"

"Hayakuhusu. Paka wangu."

"Paka wako hata mapajani pako hakai, unavyomchosha kwa maneno."

Wakacheka wote, wakakumbuka dirisha langu, kicheko kikakatika ghafla kama mtu amekifungia mlango. Nikasikia miguu ya kiti ikikwaruza mawe. Alikuwa Fermín anasogea. Nikachungulia kwenye upenyo wa pazia, na nafasi ilikuwa pale, ya viti viwili, ukuta mtupu. Tangu siku hiyo wanaiacha kila jioni. Wageni wa nyumba nyingine wakija, wanabanana upande wa pili kama kondoo, na pale kwangu hapaguswi.

Anselmo ananipigia simu kila Jumapili. Anataka nihamie kwake Madrid. Ana chumba, ghorofa ya nne, na kibaraza kidogo cha kuwekea maua.

"Mama, utakaa hapo na nani? Na kuta?" ananiuliza.

"Kuta nimezizoea," namwambia.

"Casimira ameniambia hutoki hata kwenda kupunga upepo."

"Casimira ana simu ndefu."

"Mama, mimi sitanii. Kama umejifungia tu, jifungie kwangu basi, nikuone."

Ana haki. Ni mtoto mwema, na sauti yake simuni ni ile ile ya baba yake. Nimemwambia nitampa jibu joto likiisha. Lakini nimeziona nyumba za mtaa huu zinazofungwa mara moja tu. Anakuja mtoto, anachukua picha za ukutani, anafunga maji, anasema atarudi Krismasi. Baadaye paa linabonyea, na mbayuwayu ndio wanaobaki. Nyumba hii nikiifunga, nafikiri ndiyo basi. Na siwezi kumwambia Anselmo nabaki wakati hata kizingiti kimenishinda kukivuka jioni.

Kwa hiyo, Noelia, ushauri wangu wa mwisho si wa mgeni tu, ni ombi.

Hapa kwetu mgeni wa nyumba, jioni ya kwanza, anatolewa nje aonekane. Hilo halihitaji mtu awe na furaha wala huzuni, ni heshima ya mgeni. Na mgeni haachwi nje peke yake, mwenyeji lazima amfuate. Naijua nafsi yangu: kwa ajili yangu sitatoka, lakini kukuacha ukae peke yako mbele ya ulimi wa Casimira, hilo sitaliweza.

Siku ukifika tutakula, tutaongea, tutaacha makombo mezani. Ukisikia viti vinaanza kukwaruza nje, usiningoje na usiniulize kitu. Nyuma ya mlango kuna viti viwili. Chukua kile chenye mguu mfupi. Kipande cha gome nimekikata mwenyewe wiki hii, kwa kisu chake. Kimeenda upande, utayumba kidogo. Ukiyumba watacheka. Waache wacheke, na wewe cheka.

Kiweke kushoto kwa mlango, katika nafasi iliyo mbali na kizingiti, ndiyo ilikuwa yake. Ile ya karibu iache. Salimia wote kwa jumla, halafu kaa. Usianzishe mazungumzo, wao wataanza. Hawatakuuliza jina lako, wala unafanya kazi gani, wala Uswisi kukoje. Wataanza na swali ambalo kila mtu huulizwa akikaa kwenye mtaa huu, na Casimira ndiye atakayeuliza, ingawa atakuwa anajua jibu tangu basi lilipokushusha. Atasema, "Na wewe, binti, ni wa nani?"

Wasalimie wote huko kwa niaba yangu: mama yako Azucena, baba yako, kaka yako Rubén, ambaye natumaini ameacha kuuma kucha. Na dada yangu Herminia mbusu mabusu mawili, ya hapa. Mwambie mtini wa padri bado unazaa, na padri wa sasa hajali.

Mungu akufikishe salama, na Mama Maria akufunike na joho lake njia nzima.

Na Casimira akikuuliza, usinong'one kama watu wa huko. Mjibu kwa sauti, mtaa wote usikie: "Mimi ni wa Visitación na Leoncio." Nitakuwa nyuma ya mlango, kiti changu mkononi.

Bibi yako akungojaye kwa mapenzi,
Visitación