Mbegu ya darini

Raheli, leo nimejiaibisha mbele ya kijiji kizima.

Kwenye mkutano wa mbegu mpya ya mpunga nimesimama nikasema wazee kama baba yangu ndio wanaotuchelewesha. Nimesema hivyo, na yeye amekaa mbele kabisa!

Wala hakukasirika. Alisimama akasema, "Mwaka 1975 walipotuhamishia kijiji cha ujamaa, bwana shamba alituamuru tutwange mbegu zetu zote, tupande ya kwake. Mama alitwanga huku analia. Ile mpya iliota vizuri, haikuzaa. Tulichimba mizizi porini."

Halafu akanigeukia. "Magreti, mbegu yako sijaikataa. Nitaijaribu kwenye majaruba mawili ya shamba langu. Ikigoma, narudia yangu ya darini."

Ya darini, Raheli! Watu wakampigia makofi.

Hajui kwamba juzi, alipokwenda Kilosa, niliishusha yote nikaipeleka mashineni kukoboa. Nilitaka akose ujanja, apande mpya tu. Juzi tu!

Tumerudi nyumbani nikampakulia chakula. Amekula, akatabasamu. "Mchele huu unanukia kama wangu."

Nikamwongezea.