Ovaroli la Ouma

Dunga, Kisumu

Kwako Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe pamoja na Mama. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko? Mama bado anamkwepa daktari wa mgongo? Na yule ng'ombe mwenye baka usoni, alizaa salama? Sisi huku tuko hai, na kwa mwaka tulioupitia hilo si dogo. Mjukuu wako Akinyi ameng'oka meno mawili ya mbele na anajivuna nayo kama ameyanunua.

Utashangaa kuona Kiswahili, wakati mimi na wewe hatujawahi kusalimiana kwa Kiswahili hata siku moja. Ni kwa sababu ya mama mkwe wangu. Amekaa hapa kando yangu, miguu juu ya kigoda, na ameomba nimsomee barua yote kabla haijatiwa kwenye bahasha. Kikuyu hajui hata cha kuombea maji. Na kwa nini barua, simu zikiwapo? Hilo unalijua mwenyewe. Tangu Jumapili ile uliponikatia, kila nikipiga hupokei. Kaka yangu Muriuki ameahidi kuichukua barua hii stendi ya basi na kukuwekea mkononi. Akikwambia hajui imetoka kwa nani, msamehe, mimi ndiye niliyemtuma adanganye.

Nianze na mume wangu Ouma. Alipopotea nilikueleza nikilia na najua hukushika hata nusu. Unajua kazi yake ilikuwa kutengeneza injini za boti. Asubuhi hiyo alimaliza injini ya mtu mmoja hapa ufuoni, akaingia ziwani peke yake kuijaribu, akaniambia nimtilie chai kwenye chupa anarudi sasa hivi. Upepo ukaanza saa nne. Boti ilipatikana siku ya tatu imekwama katikati ya magugu, chombo cha watu kizima, Ouma hayumo. Vijana walimtafuta siku kumi na moja. Walipata kiatu, tena si chake.

Sasa Wajaluo wana desturi yao. Mtu akipotelea ziwani na mwili usipatikane, hukatwa tunda la mti uitwao yago, lile refu zito linaloning'inia kama limefungwa kwa kamba. Linafungwa sanda na kuzikwa nyumbani mahali pa mwili. Lisipozikwa, mtu wako si maiti wala si mzima, na nyumba yake haijui ilie au ipike. Mama mkwe, ambaye nami namwita Mama, alitaka hivyo kwa mwanawe. Figo zake zimechoka na daktari hakumficha kitu. Alitaka amzike Ouma kabla hajazikwa yeye, na bila idhini yangu mimi mke haingewezekana.

Nilikupigia kukuuliza. Ulisema mtoto wa mzee wa kanisa hapigi magoti mbele ya tunda la mti, kwamba hiyo ni sanamu, na nikikubali nisikuite baba. Nilitii, Baba. Nilikuasi mara moja katika maisha yangu, nilipoolewa na Ouma, na safari hii nilitaka nitii mpaka kila mtu anione. Hapo ndipo palipoharibika.

Ndugu wote wa Ouma waliketi uani. Mama akasema kwa upole, kwa Kiswahili ili nisikie, "Nyar Nyeri, mimi najua hiyo ni matunda tu. Mtoto yangu najua sura yake. Nataka tu mahali ya kukaa nikilia, juu siwezi kulia kwa ziwa yote."

Nyar Nyeri ndilo jina langu hapa, binti wa kutoka Nyeri. Basi binti huyo akasimama, mikono kiunoni. Nikasema, "Mimi sizikani na matunda. Matunda tunapeleka sokoni." Wewe ulizoea kusema mdomo wangu utaniponza. Shemeji yangu mkubwa alitaka kuinuka, Mama akamshika shati. Akasema, "Basi tutangoja." Nikaingia ndani nikijiona Eliya.

Walingoja miezi minane. Mama alizidi kuvimba miguu. Mimi niliendelea kuuza viazi vyangu sokoni, na kanisani nilitoa ushuhuda jinsi nilivyosimama imara. Watu walipiga makofi. Nakiri mbele yako kwamba makofi yale yalikuwa matamu.

Lakini kuna jambo sikulitolea ushuhuda. Chumbani, kwenye msumari, lilikuwa linaning'inia ovaroli la Ouma, lile alilolivua siku moja kabla ya kupotea. Sikulifua. Nilikataza mtu yeyote asiliguse. Kila nikiamka, kabla sijamtaja Mungu, nilizika uso wangu humo ninuse oili na jasho lake. Nililiuliza niongeze bei ya viazi au nisiongeze. Nililisimulia mambo ya mchana. Nilipopiga magoti kuomba, nilipiga nikielekea msumari huo, na nilichoomba kilikuwa kimoja tu: arudi, la sivyo mimi na Mungu tusijuane. Nilimwambia hivyo hasa. Usishtuke, yeye aliyeambiwa hakushtuka.

Kisha chumba kikaanza kunuka. Nilidhani ni panya. Nilisogeza kitanda, nikatoa masanduku yote nje, nikanyunyiza dawa, harufu ikazidi. Siku ya nne nikasogea kulinusa ovaroli kama kawaida yangu, na harufu ikanipiga usoni. Nikatia mkono mfukoni. Baba, ulikuwa umejaa samaki. Vipande vya ngege, mkia, macho, vingine vimekauka, vingine vimeoza na kuingia funza. Nikamwita Akinyi kwa sauti ya kumtisha.

Akaja. Akasema, "Ni ya baba. Mimi humwekea yake."

"Nani alikufundisha?"

"Si wewe huongea na yeye? Sasa atakula nini?"

Mtoto wa miaka saba alikuwa anajinyima samaki wake jioni, Baba, anakifichia kitambaa cha msumarini chakula. Nilikaa sakafuni na ule uozo mkononi, na ile amri ya sanamu uliyotukaririsha kabla ya uji ikanijia neno kwa neno, kwa sauti yako. Nilikuwa nimeilinda uani mbele za watu na kuivunja chumbani kila siku, na sasa nilikuwa nimeipokeza mtoto. Nyani haoni kundule. Niwie radhi kwa lugha, lakini methali ndivyo ilivyo.

Nililitoa ovaroli nje nilifue. Nikateka maji karai zima, nikatia sabuni, na nikashindwa. Mikono ilikataa kulizamisha. Nilijua likiingia majini Ouma ameondoka. Nilisimama pale nimelikumbatia, uozo na yote, nikilia kwa sauti mpaka majirani wakatokea ugani.

Mama akatoka kwake. Kutoka mlangoni kwake hadi mlangoni kwangu ni hatua thelathini hivi, naye alizitembea akishika ukuta, akipumzika, akishika tena. Akaketi chini kando ya karai na ile miguu yake. Akasema, "Leta hiyo nguo. Wewe keti." Akalichukua mikononi mwangu. Akageuza mifuko akaitoa funza kwa vidole vyake, akalifua. Maji yalikuwa meusi ya oili, akamwaga, nikateka mengine, akafua tena. Lilikuwa la mwanawe, na yeye pia hakuwa na kingine cha kunusa. Hakusema neno kuhusu siku ile ya uani. Sikuwa nimemwomba msamaha bado, na hilo ndilo nataka ulione, Baba. Wewe ulinifundisha kuwa neema ni kupewa usichostahili, nami nilijibu swali hilo vizuri darasani nikapata kipaimara. Nimeielewa nikiwa na miaka thelathini na minne, nikitazama mgonjwa anafua.

Jioni ile nilimwomba msamaha, na nikampa idhini aliyoingoja. Jumapili nikakupigia kukwambia, ukanikatia.

Tulimzika Jumamosi iliyofuata. Ndugu zake walikwenda ufuoni na lile tunda, wakamwita jina lake mara nyingi juu ya maji, wakarudi nalo polepole kama wanaosindikiza mtu aliyechoka. Lilivikwa lile ovaroli. Ni mimi niliyefunga vifungo. Katekista wa kanisa la Mama akaomba, akasema wazi kwamba tunazika tunda na tunamkabidhi mtu, na kwamba Mungu anajua alipo. Nilipiga magoti, sitakuficha. Sikulipigia tunda. Nilipokuwa chini nikamwambia Mungu amchukue, maana nilikuwa nimemkatalia muda mrefu. Sikusikia amani yoyote. Watu husema wanaisikia. Nilisikia baridi, na mkono wa Akinyi.

Kaburi liko nyuma ya nyumba ya Mama. Kila asubuhi anabebwa pamoja na kiti chake anakaa pale analia, kisha anaomba uji. Kando ya kaburi ameshaonyesha mahali pake. Sidhani atafika mvua za vuli. Msumari nimeung'oa, tundu limebaki ukutani, na mimi hulitazama bado. Juzi Akinyi alibakisha mkia wa samaki sahanini, akaniangalia, halafu akaula.

Nasikia umesema mlango wa nyumbani umefungwa kwa aliyezika tunda. Sitakuja kuugonga kwa nguvu. Huku nina mgonjwa wa kuogesha, na siwezi kumwacha.

Msalimie Mama yangu na mgongo wake. Msalimie Muriuki, mbeba barua, na mkewe. Shangazi aliyenishonea gauni la harusi ulipokataa kutoa kitambaa, mwambie bado ninalo. Mwalimu wa kwaya pia, na yule mzee jirani aliyenifundisha baiskeli. Mama mkwe anakutumia omena, dagaa wa ziwa letu, iliyokauka vizuri. Anasema usipoipenda mpe paka, ila yeye asiambiwe.

Haya machache ya mwisho nayaandika baada ya kumsomea, naye ameshasinzia. Nilipofika pale pa matunda na sokoni, nilitaka kuruka mstari. Nikajilazimisha, nikasoma. Akaniuliza, "Nani alisema hivyo?" Nikamwambia, "Ni mimi, Mama, uani, mbele yako." Akafikiri, akatikisa kichwa. "Hiyo sikusikia." Baba, mama huyu figo ndizo mbovu. Masikio yake husikia kifaranga kikitoka bandani kwa jirani.

Basi nami nikwambie. Yale uliyosema Jumapili ile kabla ya kukata simu, kuhusu ziwa na malipo ya mtoto aliyeasi, sikuyasikia. Mtandao wa huku ufuoni ni mbaya sana.

Ni mimi binti yako,
Wambui