Cheti Chenye Jina Langu

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwenye benchi la mbao, nje ya wodi alikolazwa mdogo wetu Tofali. Natumaini goti lako limepungua uvimbe na wanao hawajambo. Mimi ni mzima wa mwili, na ukifika mwisho wa barua utaona kwa nini neno hilo linanitia aibu. Mumeo anarudi huko mchana huu. Nimemwomba akukabidhi barua hii mkononi, maana haya hayasemeki kwa simu.

Uliambiwa kwamba Tofali ameanguka. Hukuambiwa tulifikaje hapo.

Unanijua, Dada. Mama husema nilizaliwa nikibishana na mkunga. Basi meneja mpya wa kiwanda chetu cha uchapaji alitangaza mbele ya watu kwamba sisi tuliovuka hamsini tuache mitambo, tukakae kwenye meza ya kukunja karatasi, miili imechoka. Nilimjibu kwamba mwili si gazeti la jana. Vijana wakacheka, mmoja akauliza kama naweza kupanda ngazi bila kushika ukuta. Hapohapo, mdomo ukiitangulia akili, nikaapa kushiriki mashindano ya mwaka: kukimbia kilomita kumi, baiskeli arobaini, kisha kukimbia tena tano. Hadi leo nasema meneja yule ni mvivu wa kufikiri. Lakini mtu anaweza kuwa na haki na bado akawa mjinga.

Tofali ndiye aliyenifundisha. Fundi uashi wa kubeba mifuko miwili ya saruji, alitoka kazini na vumbi kichwani akaja kunikimbiza. Alisema naendesha baiskeli kama mtu anayembembeleza mbuzi avuke mto. Alinionya kwamba ukishuka kwenye baiskeli miguu huwa si yako, huwa ya mbao, na dawa yake ni hatua fupifupi mpaka irudi.

Siku yenyewe, kilomita kumi za kwanza nilizimaliza vizuri. Kwenye baiskeli upepo ulinipiga usoni njia nzima ya kurudi, na mnyororo ukachomoka mara mbili. Niliposhuka nilisahau kuvua kofia ngumu, nikakimbia nayo huku watu wakinizomea. Ilipobaki kilomita moja nikakaa kitako barabarani. Tofali akaruka kamba ya watazamaji, buti za kazi miguuni, akaniinua, akakimbia ubavuni mwangu akinitukana ili nicheke: kwamba bibi wa mtu amenipita, kwamba meneja ananingoja na kiti. Nilicheka, Dada. Nikaongeza mwendo, naye akaongeza. Karibu na utepe sikuzisikia tena buti zake. Nilidhani amechoka. Nikamaliza, nikainua mikono juu. Ndipo nikageuka.

Sasa soma ambalo wewe hulijui.

Waandaaji walidai cheti cha daktari kwamba moyo hauna tatizo. Kifua kilikuwa kikinibana, nikaogopa. Nikamwomba Tofali akapimwe kwa jina langu, kwa kuwa katika ukoo wetu nani ana moyo kama wake? Alicheka, akaenda, akaniletea bahasha iliyofungwa. Niliifungua peke yangu. Iliandikwa kwamba moyo umepanuka, mtu huyu asikimbie, asibebe mizigo, arudi haraka aanze dawa.

Nikafanya ninachokiweza: nikabishana. Mashine yao mbovu, nikasema, daktari wao alikuwa na usingizi. Nikaenda kupimwa mwenyewe kwingine. Huko wakaniambia moyo wangu hauna kasoro, kifua ni gesi tu, wakanipa cheti. Hapo hoja zikaniishia. Nilijua karatasi ya kwanza ni ya nani. Nikapanga kumwambia baada ya mashindano, maana angeacha kunifundisha, nami ningeaibika mbele ya meneja. Wiki sita karatasi ile ilikaa ndani ya kitabu changu, na wiki sita nilimtazama akibeba saruji.

Leo asubuhi daktari ameuliza kwa mara ya tatu kama mgonjwa aliwahi kupimwa. Nikamkabidhi karatasi. Akasoma jina, akasema hii ni yako. Ikabidi niseme kwa sauti, mke wa Tofali akiwa amesimama palepale na chupa ya chai. Hakunipiga. Alikwenda kukaa benchi la mwisho wa ukumbi, na mpaka naandika hajanitazama. Daktari anasema angalau sasa anajua pa kuanzia. Zaidi ya hapo hakuniahidi kitu.

Njoo, Dada. Usije kunitetea, ulinitetea mno utotoni. Njoo ukae na mke wa Tofali kwenye lile benchi, kwa sababu mimi siwezi kulisogelea. Mwambie Mama kwamba Tofali bado anapumua. Hayo mengine nitamwambia mwenyewe, nikiwa nimepiga magoti. Wabusu watoto, na goti lako ulikande kwa maji ya moto.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye moyo mzima.