Wakili wa Ukoo

Kitengela

Kaka yangu mpendwa Ledama,

Supa. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, mkeo na watoto, na kwamba goti limemwachilia mama yetu Yeyo akaweza tena kwenda kanisani. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Huku mvua imetuletea matope hadi mlangoni. Sijui kama Kimuka mmepata kitu.

Najua utacheka kupata barua na simu iko. Nivumilie. Kwenye simu ungeniuliza swali moja tu, nami ningelia.

Uliona nilivyohangaika tangu niapishwe kuwa wakili. Kila ofisi ilitaka mtu mwenye uzoefu, na hakuna hata moja iliyotaka kunipa huo uzoefu. Munguti, aliyekuwa akitushinda wote darasani, sasa anauza vigae vya sakafu. Mimi nilikuwa navaa suti kila asubuhi na kuzunguka mjini, ili mama mwenye nyumba asijue sina ninakokwenda.

Nilipopata kazi mwezi uliopita mlifurahi kunishinda. Wazee wakanibariki kwa simu, hadi Mzee Leshan akaitemea simu yako mate ya baraka ukalalamika. Halafu juzi ukanieleza kwamba yule wakili wa Ngong aliyejitolea kuwasimamia kesi ya malisho, wazee wamemkataa. Walisema ni aibu ukoo kuazima mdomo wa mgeni na mtoto wao amesomea sheria. Nilikata simu, ukadhani ni mtandao.

Ledama, ofisi iliyoniajiri ndiyo inayoitetea ile kampuni iliyozungushia malisho yetu waya. Sikujua hadi nilipokabidhiwa faili. Nilimwambia mkubwa wangu, Bwana Joram, kwamba walioshtaki ni watu wa kwetu, na kwamba shahidi wao wa kwanza ni baba yangu. Alinijibu kwa upole kabisa, "Soipan, ndiyo maana tulikuchukua. Wewe unajua Kimaasai, na hao wazee unawajua." Akaongeza kuwa nikitaka kuondoka hatanizuia, maana wanaokingoja kiti changu ni wengi.

Sikuondoka. Naona haya kukuandikia hivyo, lakini sikuondoka. Nikifikiria kuanza tena kubisha milango, miguu inakataa. Nikifikiria kusimama kortini Jumanne, moyo unakataa. Sijui nifanye nini, kaka.

Mfuateni yule wakili wa Ngong mara upatapo barua hii, mumwombe radhi. Zaidi ya hapo sheria hainiruhusu kukuambia.

Msalimie Yeyo sana, na watoto, na Mzee Leshan ukiweza. Baba naye mwandae mapema. Tukikutana Jumanne kwenye korti ya Kajiado, sitaweza kumwinamishia kichwa aniguse kwa salamu kama desturi yetu, maana Bwana Joram atakuwa kando yangu. Mwambie asinyooshe mkono.

Ni mimi dada yako,
Soipan