Vidonge Vyeupe kwenye Kopo la Vifungo

Nyumbani,
Jumapili, 9 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Hujambo huko? Wifi na watoto hawajambo? Kile kikohozi kimekuacha, au bado mnabishana? Sisi tunakusalimu sana. Mimi mwili mzima, moyo ndio umevunjika.

Mama hali yake si nzuri. Saratani imetoka kwenye titi, imeingia mifupani. Daktari alishangaa, maana vidonge vilikuwa vikiizuia vizuri. Akaniuliza kama mama anameza. Nikamwapia kwamba hakosi hata siku moja.

Juzi nilitafuta kifungo cha sare yangu ya kazini. Unayajua yale makopo kando ya cherehani, kila rangi na kopo lake. Nilipofunua la vifungo vyeupe, nikakuta vidonge. Vya miezi minne, kaka.

Kosa ni langu. Kwa kuwa mama hajui kusoma, siku ya kwanza nilimwekea kidonge cha pinki kiganjani, nikamwambia: "Hiki ndicho chako. Wakikupa cha rangi nyingine usimeze, hata akupe nani." Nikajiona hodari. Kumbe hospitali walikuja kubadilisha: dawa ile ile, kiwanda kingine, rangi nyeupe. Mfamasia alimweleza dirishani, foleni ikimsukuma mgongoni. Mama akashukuru, akaja navyo, akaviweka koponi. Mimi natoka alfajiri kwenda kazini. Nikimuuliza kuhusu dawa, hujibu zipo.

Nilipomwonyesha lile kopo hakuona haya hata kidogo. Alitabasamu. "Walitaka kunichanganya, mwanangu, lakini mimi nilikusikiliza wewe."

Nilitoka nikaenda kulia bafuni, bomba nimelifungulia. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amekuja na virago vyake, haondoki.

Daktari amesema aanze tena, ila haahidi kitu. Nimemdanganya mama kwamba vile vyeupe vimekaguliwa, sasa ni salama. Anavimeza bila swali, kwa sababu nimesema mimi.

Njoo, kaka, kama kuna namna yoyote. Usingoje likizo. Nami usinipoze kwa maneno, nitakukasirikia bure.

Nisalimie wifi, na yule mchokozi wenu mdogo. Mama anakuombea uzima na njia nyeupe. Anawaambia majirani kwamba binti yake alimwokoa na dawa mbaya. Ukimpigia simu atakusimulia na wewe. Tafadhali, mwitikie.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
yule mliyemwita Cherehani kwa kusema sana