Ala ya Ngozi ya Kulungu

Jumapili, 12 Oktoba

Siku ishirini na mbili za ndoa! Na bado mtu akiita "Bi Stallcup" nageuka kumtafuta mama mkwe. Weldon anacheka mpaka anashika mbavu. Ati, "Ni wewe, bibie. Hakuna kukata rufaa."

Leo baada ya kanisa kanifunga macho kwa taulo la jikoni, lile linalonuka soseji, akaniongoza mpaka gereji. Nikajigonga kwenye ndoo. Nikajigonga kwenye baiskeli. Kisha akasema fungua.

Ala ya bastola! Kaishona mwenyewe! Ngozi ni ya yule kulungu wa Novemba iliyopita, niliyemwangusha mimi, siku ileile Weldon alipopiga goti kwenye majani yaliyolowa akaniomba niwe mke wake. (Pete ilikuwa ndani ya boksi la risasi. Nani mwingine angewaza hivyo? Nani?) Kachonga T ya Tressa na W ya Weldon, na jani la mwaloni katikati. Jani limeelekea kuwa kama mguu wa bata, lakini ni jani letu.

Wiki tano kashona kwa siri. Vidole vyake vimejaa matundu ya sindano. Nimebusu tundu moja moja. Na ngozi yenyewe laini, laini kama shavu la mtoto!

Nitaivaa Jumamosi, siku ya wanawake klabuni, kwenye uwanja wa shabaha. Kisha Jumatatu naanza kwenda nayo kazini. Nasafisha vibanda vya wageni kule mtoni, peke yangu, na tangu Agosti nilipomkuta mwanamume nisiyemjua kalala ndani ya beseni la kuogea, kibanda namba nne, kila mlango nausukuma kwa mpini wa fagio. Weldon anasema sasa nitafungua milango nikiwa na jani la mwaloni kiunoni. Nampenda!

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimejaribu mbele ya kioo. Bastola tupu, nimekagua mara tatu, risasi zote ziko chumba kingine. Ala ndani ya suruali, shati juu. Haionekani kabisa! Nimezunguka kama mwanamitindo.

Kitu kimoja tu. Nikiitoa bastola, mdomo wa ala unajifunga. Unalala bapa kama soksi. Kuirudisha lazima niufungue kwa vidole vya mkono wa kushoto — na mtutu unavitazama vidole vyangu.

Ngozi mpya. Itazoea.

Habari kubwa: kesho Weldon anaanza mafunzo ya usalama klabuni, siku tatu. Jumamosi yeye ndiye atakayekagua ala za wanawake wote kabla hawajaingia uwanjani. Mume wangu, na filimbi shingoni!

Jumanne, 14 Oktoba

Nilikwenda dukani kwa Bi Nadine kununua mkanda mgumu. Mkanda tu! Ule wangu wa kanisani unalegea, bastola inanining'inia.

Bi Nadine anauza bunduki tangu kabla sijazaliwa. Anatafuna jojo na miwani yake ina mnyororo. Nikamwonyesha ala yangu kwa maringo. Akauliza kashona nani. Nikasema mume wangu.

"Aah," akasema.

Aah hiyo ilikuwa ndefu kama treni ya mizigo.

Akaiminya mdomo kwa vidole viwili. Ukajifunga. Akaingiza bastola ya mfano, ya plastiki, akabonyeza dole gumba juu ya ngozi, pale penye kifyatuo. Kifyatuo kikarudi nyuma — tak!

Akasema ala inaweza kuwa na sura ya nguruwe, hilo si kitu. Mradi ifunike kifyatuo kwa kitu kigumu, mdomo ubaki wazi bastola ikitoka, na ishike hata ukipinduka kichwa chini. "Hii yako, mwanangu, ni barua ya mapenzi. Barua haibebi bastola."

Nikajaribu nyingine tano. Ya nje ya mkanda ni tamu kwa uwanjani, mkono unaiendea wenyewe, lakini chini ya shati natoa nundu kama ngamia. Ya mbele ya tumbo inanichoma nikiinama, na mimi kazi yangu ni kuinama tu, mashuka, bafu, mashuka tena. Bi Nadine alinitandikisha kitanda cha mbwa wake mara nne nikiwa nayo! Mwisho moja ya plastiki ngumu, ndani ya suruali, nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga ya kulia. Nikainama. Nikakaa. Nikaigeuza juu chini na bastola ya mfano ndani: haikuanguka. Inafaa uwanjani na kazini.

Nyeusi. Mbaya kama kikopo cha brashi ya choo.

Nimeinunua. Nimeificha chini ya kiti cha gari, kama mwanamke mwenye hawara.

Jumatano, 15 Oktoba

Weldon alikaanga kambare kabla ya kwenda mafunzoni, nami nikapanga kumwambia tukila. Akaniuliza kama ala inanikaa vizuri.

"Kama busu," nikasema.

Mwongo mimi! Kambare mtamu mno, nami nikamsogezea sahani yangu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nilikwenda kwa mama mkwe, Mama Verlene, kurudisha sufuria. Nikajikuta nalia juu ya sufuria. Nikamwambia yote.

Akanipeleka chumbani, akavuta droo ya chini. Ala tupu! Nimehesabu kumi na moja. Anasema kila mwenye bastola huku ana droo kama hiyo, ya ala alizozijutia, na asiye nayo bado hajaanza. Kuna ya kufunga kifundo cha mguu ("nilitembea kama bata, hata mchungaji akaniombea"). Kuna ya kufunga kwenye sidiria, hiyo tulicheka mpaka tukakaa sakafuni.

Chini kabisa, ndani ya leso, ya ngozi ya kahawia. Imelegea. Ina waridi lililochongwa vibaya.

"Baba yake Weldon," akasema. "Krismasi yetu ya kwanza."

Mama aliivaa mwaka mzima. Alijua haifai, akanyamaza, maana mumewe alikuwa akimtazama kiunoni kwa fahari. Kisha siku moja akipanda gari, ngozi iliyochakaa ikajikunja ikaingia kwenye kifyatuo. Risasi ilipita kwenye kiti, sentimita chache toka paja lake. Yeye hakuumia. Mumewe ndiye aliyeumia, moyoni. Hakushona tena, hakuchonga tena, hata kiti cha jikoni kilichovunjika aliita fundi. Mpaka anakufa.

Nikamuuliza, mama, kwa nini hukumwambia mapema?

"Kwa sababu nilimpenda. Upumbavu huo ndio urithi wa wanawake wa nyumba hii, Tressa. Mimi nakupa sufuria. Huo mwingine usiupokee."

Mikono ya Weldon! Nimewaza mikono yake njia nzima. Meza yetu kaitengeneza yeye. Kitanda pia. Ikiacha kutengeneza kwa sababu yangu, sijui nitafanya nini.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mafunzo yaliisha jana. Leo Weldon alitoa ala kwenye msumari, akaiminya mdomo, akaibonyeza kwa dole gumba. Akakaa nayo muda mrefu. Anaipenda kazi yake, maskini!

Akauliza, "Tressa, ukirudisha bastola, mkono wa kushoto unauweka wapi?"

Nikasema popote tu.

Akatoka kukusanya majani uani. Majani aliyakusanya jana.

Kesho asubuhi, kwenye chai, namwambia. Naapa!

Jumamosi, 18 Oktoba

Saa tatu kasoro. Naandika garini, nje ya uwanja. Hakukuwa na chai. Nilipoamka alikwishaondoka kupanga shabaha. Kaacha andazi kwenye sahani na karatasi: Tuonane, Bi Stallcup.

Bastola ziko tupu ndani ya mikoba, ndiyo sheria, ala zinakaguliwa kwanza. Mimi nina mbili mapajani. Nyeusi na ya kulungu.

Namwona. Kizibao chekundu, filimbi, mzuri wee! Wanawake kama kumi na tano kwenye mstari, Bi Nadine wa tatu. Dirisha langu liko wazi, nasikia kila kitu.

Kuna dada mmoja ana ala ya kitambaa cha maua. Weldon kaiminya. Kamwambia samahani, dada, hii haiingii.

Dada kang'aka. "Mume wangu kaninunulia!"

Weldon kamrudishia ala yake kwa mikono miwili.

"Basi mumeo anakupenda kweli," kasema, "ila ala haijui hilo. Waume wa namna hiyo tuko wengi."

Wanawake wamecheka. Bi Nadine hakucheka. Kaangalia gari letu. Weldon naye kaangalia.

Anajua ala yake haifai! Tangu jana anajua — yale majani!

Kampa mwenzake daftari. Anakuja huku. Nimevaa ile nyeusi haraka haraka, imeshika mkanda, tak. Ya kulungu nimeikumbatia kifuani, na mtu yeyote asithubutu kuiweka kwenye droo. Ina ukubwa wa kutosha kuwekea pete zangu nikiwa nafanya usafi — nitamwambia hivyo, nitaanza na hivyo —

Kavua kofia. Weldon havui kofia ila kanisani na mezani. Mikono yake, na matundu yake ya sindano, imefika dirishani — naweka kalamu chini.