Wanasema Alikufa kwa Kupiga Picha

Shangazi Lusia, shikamoo. Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana huku Mbalizi kila ninayemweleza ananiambia nimwache marehemu apumzike, na mimi naona marehemu ndiye asiyeachwa kupumzika.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka ishirini na nane, na starehe yangu ni kupanda milima. Tuna kundi letu, wamo walimu, wauguzi, wenye maduka, kila mwezi tunachagua mlima, tunapanda, tunakula huko juu, tunashuka. Kiongozi wetu nitamwita Kalinga, ni mtu wa Iringa lakini milima ya Mbeya ameipanda kuliko sisi tuliozaliwa chini yake, na tunamheshimu kama kaka mkubwa. Katibu wa kundi, ambaye ndiye admini wa WhatsApp, ni Filemoni, mchumba wangu.

Mwezi wa tatu tulipanda mlima mmoja upande wa Uporoto. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, lakini siku ile jua lilitoka, watu wakafurahi, na kupanda tulipanda vizuri. Wakati wa kushuka, mahali njia inapokata mteremko mkali juu ya korongo, nikaona majani yamepasuka, ufa mrefu kabisa, mkono unaingia, na chini yake yanatoka maji ya tope mahali ambapo asubuhi tulipita pakavu. Nikamwita kiongozi. Nikamwambia, "Kaka Kalinga, hii ardhi imeachana. Turudi tuzungukie msituni." Akaangalia, akasema, "Tekla, njia hii nimeipita masika yote. Tukizunguka tutaingia na giza." Mwenzetu Jailos akasema kama naogopa atanibeba mgongoni, watu wakacheka. Asiyecheka alikuwa Anyelwisye, fundi umeme, kijana mpole sana. Akauliza, "Basi tuvuke mmoja mmoja?" Kalinga akasema hapana, tutachelewa, twende wote kwa mstari, na wewe Anyelwisye uwe wa mwisho, uhakikishe hakuna anayebaki nyuma.

Shangazi, alikuwa nyuma kwa sababu aliagizwa awe nyuma. Sisi wengine tulikuwa tumeshavuka, Jailos ndiyo kwanza anakanyaga upande wa pili, tukasikia kishindo kama lori linamwaga kokoto, tukageuka, mteremko wote unaenda, na yeye yumo. Tulichimba kwa mikono. Wanakijiji wakaja na majembe, na wao ndio waliomtoa kesho yake.

Sasa sikia yaliyofuata. Kwanza kwenye kundi letu ikawa ni mapenzi ya Mungu, ajali haina kinga. Halafu wapandaji wa Iringa, ambao hata mlima huo hawaujui, wakaanza kutucheka mitandaoni, kwamba sisi ni wajinga, mwenye akili gani anapanda mlima masika. Watu wetu walipoona wanasemwa, ikatoka habari mpya, sijui kinywani mwa nani, kwamba Anyelwisye alibaki nyuma anajipiga picha, akaitwa, akakaidi. Habari hiyo ilifika msibani Tukuyu kabla yetu. Mama yake akanishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, hivi hiyo picha ilikuwa ya nini? Mlimwita, akakataa kweli?" Nikamgeukia kiongozi wetu ili ajibu yeye. Kalinga alikuwa ubavuni mwangu, akainamisha kichwa, akasema, "Pole sana, mama." Basi, akaishia hapo.

Nilivyorudi nikaandika kwenye kundi kila kitu, ule ufa, nilivyosema, tulivyojibiwa, nani aliagizwa nini. Filemoni akaufuta ujumbe wangu, akanitoa kwenye kundi. Jioni akaja nyumbani, akaniambia, "Unataka Kalinga afungwe? Unadhani yeye halii?" Nikamuuliza, "Na mama yake Anyelwisye?" Akajibu, "Mama atazoea." Tangu neno hilo, nikimwona anakula sitamani kukaa naye meza moja.

Na kinachoniunguza zaidi, sasa wameandaa matembezi ya kumuenzi. Fulana zimeshachapwa, uso wake uko kifuani, wanapita njia ile ile, Jumamosi ya baada ya Pasaka, mvua bado ipo, na wamejiunga watu wapya ambao hawajui lolote. Filemoni anasema nikienda kwa yule mama, uchumba umekwisha. Wengine wanasema nataka tu nionekane nilikuwa na akili kuliko wenzangu. Shangazi, niende au ninyamaze?

Tekla, Mbalizi

SHANGAZI LUSIA ANAJIBU

Tekla mwanangu, marahaba, na pole. Nimekusoma mpaka mwisho. Majina yote nimeyabadilisha, ila hasira sikuweza kuibadilisha, na sasa tunayo wawili.

Uende. Uende wiki hii, usingoje kuitwa. Mzazi amekuuliza swali na jibu unalo, unalizuiaje? Usifike pale na Kalinga mdomoni. Kaa chini, umsimulie kwa utaratibu, umwambie mwanawe hakukaidi mtu, aliagizwa akae nyuma ya wenzake akakaa, na kabla ya hapo yeye peke yake aliuliza swali lililostahili kujibiwa. Mama huyo atalia upya. Mwache alie. Afadhali alilie mtoto aliyekuwa akiwaangalia wenzake kuliko kumwonea aibu mtoto ambaye hakuwahi kuwepo.

Sasa na wewe nikuambie lako. Uliuona ufa, ukasema, halafu ukavuka. Katika barua yako yote hapo umeparuka haraka kama mtu anayepita juu ya kaa la moto. Kwa nini ulivuka? Uliona haya ya kuchekwa? Ulichoka, ukataka kufika nyumbani? Ulisema moyoni, kaka mkubwa ameshaamua? Sikulaumu, wala sikuulizi ili ulale ukijichoma. Nakuuliza kwa sababu hilo ndilo wapandaji wenzako wanalohitaji kusikia kuliko yote. Ukisimulia kisa cha Tekla mwenye macho na Kalinga kipofu, kila msikilizaji atajiweka upande wako, na masika yajayo atavuka. Wale wa Iringa wanaotukana wana ugonjwa huo huo. Kila mmoja anajua yeye asingefanya hivyo, kwa hiyo hana la kujifunza.

Na huo msemo wa ajali haina kinga, wapelekee salamu zangu. Ya kwenu ilikuwa na kinga tatu: kurudi, kuzunguka msituni, kuvuka mmoja mmoja. Zote zilitajwa kwa sauti, mkazicheka. Msimsingizie Mungu.

Habari ya matembezi, usibishane nao kwenye simu. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji ambacho watu wake walimchimbua Anyelwisye, umweleze kwamba kuna watu wanarudi kwenye mteremko ule na mvua haijakatika. Yeye ana sauti kuliko fulana. Kisha watafute hao wapya, mmoja mmoja, uwaambie ulichokiona kwa macho yako. Atakayetaka kwenda baada ya hapo, ameenda akijua.

Filemoni. Mwanangu, mwanamume aliyesema "mama atazoea" amekuonyesha siku utakapozikwa wewe atasema nini. Mpe nafasi moja tu: mwambie, "Twende wote Tukuyu." Akija, mtakuwa na la kuongea. Akikataa, mrudishie posa yake, usimsubiri abadilike.

Kwa kuwa siku ziko karibu, nilikupigia kabla gazeti halijatoka, na umenieleza kwamba Jailos amekubali kufuatana nawe. Umesema alikuwa analia, kwamba anausikia ule utani wake kila anapofumba macho. Vizuri. Mchukue. Mashahidi wawili, na mmoja wao ni aliyecheka, huyo mama atawaamini.

Nimalizie kwa Kalinga, maana najua gazeti hili utaletewa hata kama hununui. Baba, sisemi uliua. Uliamua vibaya, mahali ambapo ulikuwa umeamua vile vile mara nyingi na mlima ukakuachia. Hilo linaweza kumpata yeyote, na watu wangekusamehe. Lakini kosa la mteremkoni lilikuwa la dakika, na hili la kumwacha kijana wa watu abebe uongo kaburini unalifanya kila siku unapoamka. Tekla na Jailos wakifika Tukuyu, wakukute umeshafika. Mwambie yule mama kwa kinywa chako ulimwagiza mwanawe nini. Kisha urudi, uwaite wenzako wote ana kwa ana, uwaambie ulichokiona na kwa nini hukukijali, na umwache kila mtu aseme chake pasipo mtu kufuta.